Nta na Tope

Jumamosi, alfajiri. Nta inayeyuka kwenye sufuria ya bibi,
nami napima upepo wa matairi kwa kidole gumba.
Mama Aikande anataka vitambaa sita vya meza Jumatatu.
Nimemaliza viwili. Cha tatu kina alama ya goti langu,
nilikipigia magoti kabla kidonda hakijakauka.

Uru, kati ya migomba na mibuni,
wamelaza magogo njiani makusudi, tushuke.
Ndio mchezo wenyewe:
kushuka mbio, baiskeli begani, kuruka mfereji,
kupanda tena kabla pumzi haijauliza kulikoni.
Ndelilio akanipita, mnyororo wake ukilia kama kifaranga.
Mzunguko wa tatu nikaanguka.
Tope la masika likanijaa kinywa,
na badala ya kuinuka nikalitazama:
si jekundu, si la kahawia,
rangi niliyoikosa wiki nzima kwenye ndoo.

Watoto juu ya ukingo: "Dada, amka! Unasoma nini hapo chini?"

Nimekuwa wa ishirini na mbili. Tulikuwa ishirini na tatu.

Usiku mikono inatetemeka, usukani bado umo ndani yake.
Mstari unapinda. Nauacha upinde.
Nachovya kipande cha mnyororo mkuukuu katika nta,
nakigonga kwenye kitambaa cha nne: meno, meno, meno,
kinjia chembamba kinachopanda Kibosho.

Dada yangu, mlangoni: "Mshika mbili, moja humponyoka."
Najua.
Nisogezee taa kidogo.