Tundu Jipya

Gathirimu promota amekuja Kariokor na mapema,
kibandani kwangu, kabla gundi haijashika moto.
"Fundi, kuna uzani mpya. Umeanzishwa juzi.
Juu ya kruza, chini ya wazito.
Weka nyota nyingi. Weka simba, aonekane anacheka."
Arbuni ikaingia kwenye simu hata hajaketi.

Silalamiki.
Zamani mkanda mmoja ulinifikisha Krismasi,
siku nyingine nikishona viatu vya watalii.
Sasa mabingwa wanaota kama uyoga wa masika:
Kariobangi ana wake, Dandora wawili,
na Jericho kuna kijana anashikilia taji
la daraja ambalo yumo peke yake.
Wazee wa ukumbi wa Pangani wanatema mate chini:
"Enzi zetu madaraja yalikuwa manane tu.
Taji likigawanywa sana huwa vipuli."
Nawaacha waseme. Napima, nakata.
Ila leo kisu hakitaki kwenda sawa.

Kwa sababu mwenye uzani huu namjua.

Eliakimu Obanda alikuwa akiamka na kilo tisini na sita.
Ale asile, tisini na sita.
Mwili ulikuwa umeshakata shauri lake.
Kruza walimtaka tisini na nukta saba.
Wazito walikuwa vilima: yule wa Kampala, kilo mia na ishirini,
alimwangusha raundi ya pili,
Obanda akayahesabu meno kwa ulimi.
Basi akarudi chini.

Ndoo nilishika mimi.
Nilimwona kavaa mifuko ya nailoni chini ya sweta mbili,
akiruka kamba bafuni, mvuke ukichuruzika ukutani,
akitafuna ubani ili mate yaje,
akiyatema kwenye chupa ya soda.
Chupa ikifika nusu tunapeana mikono.
Siku mbili bila tone. Midomo kama udongo wa Athi River mwezi Februari.
Alfajiri ya kupimwa, uchi, tumemzingira kwa taulo,
mizani ikasema: gramu mia mbili zaidi.
Nikamnyoa kichwa. Nikamnyoa kwapa.
Zikabaki mia.
Akataka kulia ili apungue,
machozi hayakuwapo.

Mara kumi na nne.
Aliposhinda, tulisema ni ngumi.
Aliposhindwa, tulisema ni ngumi.
Figo hakuna aliyeziuliza.

Jumanne na Ijumaa nampeleka Kenyatta, kwenye mashine.
Sista Kerubo humpandisha kwenye mizani kabla,
humpandisha tena baadaye, anaandika.
Wana neno lao pale: uzani mkavu.
Siku ya kwanza kulisikia, Obanda alinigeukia
akacheka hadi mirija ikatikisika.
"Fundi! Kumbe bado napimwa!"
Ana kilo sabini na moja.
Uzani wa kati, bila kuruka kamba.

Na kijana atakayeupigania mkanda huu nimemwona.
Wa Korogocho, kilo tisini na saba.
Siku ya kupimwa alikula chapati mbili na maharagwe,
akalamba vidole, akapanda mizani akipiga mbinja.
Mimi nikatoka nje nikasimama karibu na jenereta.
Wazee na waseme vipuli.
Mimi niliziona zile chapati.

Obanda sijamwambia.
Pengine redio imeshamwambia.
Juzi alinipa mshipi wake wa suruali.
"Tundu hili linanibana kabla ya mashine,
lile linaniacha nikitoka. Nitobolee katikati."
Kazi ya pigo moja la nyundo.
Hakuna kamati iliyokaa.
Sikumtoza.

Sasa ngozi ya Gathirimu iko magotini,
simba amecheka nusu, nyota bado,
na kile kiduara kilichodondoka
kwenye mshipi wa Obanda, kidogo kama dengu,
kimo ndani ya kikombe changu cha misumari.
Kila jioni nafagia kibanda.
Hicho sikitupi.