Ya Nne

Asubuhi linabadilisha gia kama mtu asiye na deni:
moja, mbili, tatu, nne, wala hulisikii.
Saa sita, likipanda kilima cha nyuma ya Ibra
na tangi limejaa maji,
linang'ang'ania ya tatu. Taa ya njano inawaka,
na Zahran anashuka, analitukana kwa Kiarabu,
analitukana kwa Kirundi,
kisha ananipigia simu kwa Kiswahili,
lugha yake ya kuombea.

Gereji ya jirani wamekwisha toa hukumu:
giaboksi imekufa, ishushwe, riyali mia sita.
Nikachomoa kijiti, nikapaka mafuta kidoleni.
Mekundu, safi, hayanuki kuungua.
Maiti gani huyu mwenye damu nzuri hivi?

(Wateja wapya huniuliza, "Fundi yuko wapi, dada?"
Nawajibu: ameinama, ngojeni ainuke.)

Naanza na betri. Kumi na mbili nukta sita;
injini ikiunguruma, kumi na nne.
Fyuzi nazitoa moja moja, nazitazama juani
kama mtu anayechambua mchele wa wageni.
Nzima zote.
Nachomoa plagi kubwa, nahesabu miguu yake ya shaba.
Selenoidi ya kwanza, omu ishirini na mbili.
Ya pili, ishirini na tatu.
Natikisa waya, mita haitikisiki.
Kila shahidi anasema kweli
na lori bado gonjwa.

"Basi tungoje jua," nikasema. "Ugonjwa wako haupendi asubuhi."

Tukakaa kivulini na birika la kahawa.
Akanisimulia Rumonge, duka la baba yake,
marobota ya vitenge, ziwa lililotulia kama sahani.
"Huku wananiita Zinjibari," akasema,
"nami Unguja sijaiona hata kwenye kalenda."
Akacheka peke yake. Nikammiminia kingine.

Saa saba na nusu. Bati la gereji linalia kwa joto,
spana iliyoachwa nje haishikiki.
Nikamwambia awashe injini, awashe taa, awashe kipoza hewa,
akanyage breki, aweke gia.
Ncha moja ya mita nikaigusisha hasi ya betri,
ya pili, mwili wa giaboksi.
Hapo panatakiwa pasome sifuri, au jirani yake.
Pakasoma moja nukta nane.

Nikaipangusa mita kwa kanga.
Moja nukta nane.

Nikalala chini na tochi. Nyuma ya giaboksi, juu,
mahali mkono unapofika lakini jicho halifiki,
utepe wa shaba uliosukwa, kijani kwa kutu,
na bolti yake imefungwa juu ya rangi.
Kuna aliyepaka chesisi rangi nyeusi, nzuri, nzito,
akarudisha utepe palepale bila kukwangua,
akalipwa, akaenda zake.
Kukiwa na ubaridi, unagusa. Chuma kikipata moto, unagusa nusu.

Nikapaza sauti kutoka chini:
"Umeme unafika, Zahran. Shida yake ni kurudi.
Njia ya kurudia ndiyo mbovu, ile tunayoiita ardhi."

Kimya. Niliona viatu vyake tu.
"Kama sisi," akasema.

"Nipe brashi ya waya," nikasema.

Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa kama jino.
Utepe mpya, bolti mpya, grisi kidogo juu.
Nukta sifuri tatu.

"Kiasi gani?"
"Nane."
"Riyali nane? Wale walitaka mia sita!"
"Nane, na Jumatano tangi moja kwa mama. Mfereji wao haujafika."

Akaondoka na jua kali, hakungoja jioni.
Nikasimama barabarani, vumbi lake linanirudia usoni.
Moja. Mbili, pale kwenye msikiti mdogo.
Tatu, mguuni mwa kilima,
na hapo ikakaa, ikakaa,
nami sikupangusa jasho, sikumjibu aliyeniita,
mpaka kule juu sauti ikashuka, ikalainika,
kama mtu aliyetua mzigo.