Foronya Kumi na Nne

Kila alfajiri navua foronya kumi na nne
katika gesti ya Hajati Zamzam, hapa Arua,
na kabla sijazitia majini nazisoma.

Ya namba mbili ni ya Ezaruku, dereva wa lori la Juba:
udenda umechora ziwa lenye ghuba tatu,
ukingo wake wa manjano kama chai iliyomwagika.
Najua amelala kifudifudi, mdomo wazi,
kachoka hadi koo likasahau kazi yake.
Mchana tunameza mate bila kuyahesabu;
usiku koo nalo husinzia,
na mate yakikosa wa kuyameza
hutafuta mteremko, kama mto Enyau.

Ya namba tano ni ya mheshimiwa wa semina,
suti mbili msumarini, mlinzi mlangoni.
Naye kadondosha, tena si haba.
Sikucheka.
Nilicheka kidogo.
Usingizi hauulizi kitambulisho.

Kiangazi, vumbi la barabara ya Koboko likipanda,
pua za mji mzima huziba
na kazi yangu huongezeka.
Ezaruku akija kulipa haniangalii, anaangalia viatu.
Namwambia: lala chali, kaka,
inua kichwa kwa mto wa pili, nitakuwekea.
Osha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemka yakapoa.
Kama ni vile vidonge ulivyoanza juzi,
muulize aliyekupa, usiviache kwa siri.
Na taulo juu ya mto si aibu, ni sabuni yangu unaiokoa.
Lakini siku mdomo ukilegea upande mmoja, ghafla,
maneno yakaanza kuteleza,
usiniletee foronya.
Panda boda, hospitali, saa hiyo hiyo.
Kwa baba yangu ilianza hivyo,
nasi tukasema mzee kachoka, mwacheni alale.

Mimi? Mimi silali hivyo.
Binti yangu Driciru huniletea kioo asubuhi,
ananionyesha mstari mweupe
kutoka pembe ya mdomo hadi sikioni.
"Mama, ng'ombe kakulamba tena."
Namwambia ni unga.

Jumanne, namba tisa.
Mwanamke mmoja, mkoba mmoja, kalipia siku mbili.
Foronya imelowa pande zote.
Nikaisoma juu, nikaigeuza, nikaisoma chini:
haina ukingo, haina manjano, haina ziwa.
Huyu hakulala.
Mate huacha ramani;
machozi hukauka yakaenda zake
bila kusema yalitoka wapi.

Nikasimama na beseni.
Kwa hili sina mto wa pili, sina maji ya chumvi,
chumvi anayo mwenyewe ya kutosha.
Nikachukua ile foronya ya maua niliyoitarizi mwenyewe,
ambayo Hajati huiweka kwa wageni wa harusi,
nikamtandikia, nikavuta pazia, nikatoka.

Jumatano mlango uko wazi, chumba kitupu,
ufunguo uko juu ya meza.
Nikapeleka foronya dirishani.
Karibu na ua la mwisho, pembeni,
alama ndogo kama sarafu,
yenye ukingo wa manjano.

Udenda.

Siku hiyo nilifua kumi na tatu kwanza.