Uzi wa Yakuti

Saa tisa usiku, Barabara ya Lunga Lunga.
Tumbo la tanuri la chupa linanguruma
na mimi nimekaa na uzi.

Uzi wenyewe ni yakuti, mnyoofu,
mwembamba kama sindano ya kudarizi.
Binamu zake wa kioo wamezikwa chini ya lami,
wanabeba mechi za mpira na ugomvi wa wapenzi;
humu ndani wangelegea kama tambi.
Huu hauogopi. Ncha yake imo motoni tangu Januari,
inawaka, na ule mwako unateleza ndani ya uzi
hadi kwenye kijisanduku changu, unasema:
elfu moja mia tano na kumi na mbili.
Basi. Haukohoi, hauombi maji.

Lugha yetu ilijua mapema:
joto hupimwa kwa nyuzi.

Zamani kazi hii ilikuwa ya Makokha.
Alifungua kitundu, akaweka kioo cha buluu usoni,
akatazama huku akihesabu hadi nane.
"Bado. Hiyo ni ganda la ndizi. Nataka dang'a."
Zikaja waya za platini, zikachoka,
zikaanza kudanganya taratibu, nyuzi tatu, nyuzi tisa,
naye akacheka, akarudi kitunduni.

Husema watu macho hayana pazia.
Ya Makokha yalipata.
Miaka ishirini na sita ya kuchungulia,
tanuri likamzalia mtoto wa jicho,
halafu wa pili, kana kwamba mmoja hakutosha.
Wa kulia walimtoa hospitalini.
Wa kushoto angali anasubiri bima.

Usiku huu amepiga simu kutoka Kayole. Hana usingizi.
"Ngapi, Nzilani?"
"Elfu moja mia tano na kumi na mbili."
Kimya. Nasikia redio ya jirani yake,
mbwa, mlango wa bati.
"Hiyo ni dang'a," anasema polepole,
kama mtu aliyeonjeshwa.
Kisha: "Na chupa? Zinatoka na malengelenge?"

Nageuka.
Mkanda unapita, chupa kwa chupa,
kahawia, moto bado,
na kwenye shingo ya kila moja
kitone cha hewa, kidogo kama punje ya mtama.

Uzi haukuniambia hilo.
Haukuulizwa.
Wala mimi, tangu saa nne,
sikuwa nimeinuka kutazama.