Namba Kumi na Saba

Arobaini tu duniani, asema Shabbir,
na hili ndilo la kumi na saba;
limeandikwa kisogoni, kwa wino wa dhahabu.
Duka zima, Mtaa wa Mkunguni, likanyamaza
isipokuwa feni.

Mbwiga akauliza bei, akacheka peke yake.
Kodi ya miaka mitatu Buguruni, hiyo,
na umeme juu.
Chuwa, mpiga ridhimu, akasema rangi ya embe bovu,
gitaa la kutundika, la watu wasiotoka jasho;
lakini hakubanduka kiooni.
Pumzi yake ikaacha ukungu, akaufuta kwa kiwiko,
ukaja tena.

Nannauka wa besi akaomba alishike.
Dakika moja tu.
Mikono aioshe kwanza, akaambiwa.
Akaiosha.

Hakupiga. Alipitisha kidole gumba shingoni,
akalinusa kama mtu anusavyo utosi wa mtoto.
"Mpingo," akasema. "Wa kwetu, Liwale.
Baba alilipwa elfu nne kwa gogo,
tukala mwezi."

Kisha uzi mmoja, ule mnene,
akaugusa.

Shabbir akazima feni.