Kawaida ya Nani

Mali bila daftari, wasema, hupotea bila habari.
Sisi tulikuwa na madaftari kumi na moja
na mali ikapotea humo humo ndani.

Jumamosi, Viljandi, ghorofani juu ya duka la baiskeli.
Theluji imeanza kulegea madirishani.
Riho kaleta mkate mweusi na siagi,
Maarika kaleta printa,
maana kosa, anasema, huona haya likiwa karatasini.
Tunachapa kila tulichowahi kuandika
kuhusu programu yetu ya kupima mafuriko,
programu isiyo na mwenyewe, isiyo na bei,
tunakitandaza sakafuni
na kutembea juu yake kwa soksi.

Kurasa mia mbili na sita.
Namna ya kusakinisha: njia tatu,
kila moja ikiapa kuwa ndiyo pekee.
Namna ya kuwasha kihisi: tazama ukurasa wa arobaini.
Ukurasa wa arobaini: tazama namna ya kuwasha kihisi.
Riho anacheka hadi anakaa chini
juu ya sura ya usalama.

Nani aliandika hii? nauliza, nikiinua karatasi
inayosema "ni rahisi tu" mara nne.
Kimya.
Kisha naiona tarehe, naziona koma zangu,
naikunja polepole, naitia mfukoni.

Cha wote hupikwa na wengi,
sufuria haioshwi na mtu.

Halafu kuna Kalju.
Kalju tuliyemzika Oktoba, aliyeandika kama alivyosema,
kidogo, na mgongo ameshaugeuza:
*Waya mwekundu usiguswe Aprili.*
Basi. Hakuna sababu, hakuna mchoro.
Riho anataka ufutwe: amri isiyo na sababu ni ushirikina.
Maarika hasemi neno.
Anaweka kikombe chake juu ya mstari ule
kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke,
na dirisha limefungwa.

Karatasi ya mwisho kutoka ni barua ya Urve,
dereva wa trekta, Soomaa, kando ya mto Halliste,
kule ambako mwaka una misimu mitano
na wa tano ni maji mlangoni.
Tuliipokea mwaka jana. Tulimshukuru. Hatukuisoma.
*Ukurasa wenu unasema: zima, kisha washa kama kawaida.
Kawaida ya nani?
Ni saa nane usiku, nimo mtumbwini,
tochi nimeing'ata kwa meno.*

Hapo tukaacha kuongea.
Mafungu tuliyokuwa tumeyapanga vizuri,
seva huku, hifadhidata kule, vihisi pembeni,
tukayavunja kwa mikono.
Tukapanga upya, kwa watu:
fungu la anayeanza,
fungu la anayetaka kujua kwa nini,
na karibu na mlango, jembamba, herufi kubwa,
fungu la aliyelowa.

Jioni Maarika akampigia Urve simu.
Waya mwekundu? Urve akasema,
ah, huo. Aprili barafu huwa imeshatafuna ganda lake.
Ukiushika na mikono ina maji, utarushwa hadi ng'ambo.
Kalju alirushwa. Hakuwaambia?

Hakutuambia.
Maarika akaondoa kikombe. Palibaki duara la kahawa.
Akaandika chini ya mstari, kwa kalamu,
*kwa sababu*,
na baada ya hapo akaandika muda mrefu.

Mimi nilipewa ukurasa wa kwanza wa fungu jembamba.
Nilifuta mara sita.
Nilitamani kueleza usanifu, matoleo, historia yetu,
jinsi tulivyoanza watatu na kompyuta moja iliyopasuka kioo.
Karatasi iliyokunjwa ikinichoma pajani.
Usiku, wenzangu wakivaa viatu, nilisoma nilichobakiza:

*Hatua ya kwanza. Funga mtumbwi.
Ya pili. Toa tochi mdomoni, itundike,
upumue.
Sasa tazama: taa ya kijani iko mkono wako wa kushoto.*