Kopi Mbili

Kwenye cheti cha ubatizo, Kibosho, ni Aikaruwa;
kwenye kitambulisho cha taifa, Aikarua.
Herufi moja imekula hela ya wakili,
muhuri, na asubuhi nzima mjini Moshi.

Picha nayo ilirudishwa: masikio hayaonekani.
Mama akasukuma kilemba nyuma, kanuna:
"Wanataka niwasikie hadi huko?"

Jumatano anahojiwa ubalozini. Nikapanga:
cheti cha ndoa, kadi ya chanjo,
risiti za hela anazotuma Elirehema.
Kikabaki cha kifo cha baba.

"Kopi mbili," nikamwambia kijana wa stesheneri.
Mama akakikamata kwa mikono miwili.
"Mbili za nini? Kwani alikufa mara ngapi?"

Tukatoa moja.
Ya pili niliifuata jioni,
peke yangu, mashine ikiwa bado ya moto.